Mtoto wa kota kwenye behewa la wakubwa

Haya wapendwa, nimepotea kidogo, najua. Wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeolewa au nimefukuzwa kazi. Hakuna kimojawapo. Nilikuwa safarini, na safari yenyewe imenikaa kichwani mpaka leo nimeamua niitue hapa, maana washikaji wawili watatu niliowasimulia waliishia kucheka tu na kuniambia nimezoea shida. Labda. Lakini nyie someni kwanza halafu mtaniambia.

Kwa wasionifahamu vizuri: mimi ni mtoto wa Kingolwira, Morogoro. Ukitoka Dar kwa basi, ukishapita Mikese, ukaanza kuiona ile milima ya Uluguru mkono wa kushoto imejifunika wingu kama bibi aliyejitanda khanga, basi ujue uko jirani na kwetu. Watu wengi nchi hii wakisikia Kingolwira wanafikiria kitu kimoja tu: gereza. Si uongo. Gereza lipo, mashamba yake yapo, na marehemu baba yangu alikuwa askari magereza. Tulikaa kota. Kama hujawahi kukaa kota za serikali huwezi kujua raha na karaha zake: nyumba zote zinafanana, kila mtu anajua jirani amepika nini, na cheo cha baba yako ndicho kinachoamua wewe uchezee wapi. Mtoto wa afande mkubwa akilia, hata kama kosa ni lake, mpira mnamwachia. Kwa hiyo habari za madaraja sikuanza kuzijua ukubwani.

Sasa tuje kwenye safari. Kampuni moja (jina lake tuliache, wametulisha vizuri) iliandaa mkutano wa siku mbili Dodoma, ikaamua wageni wake waende kwa treni ya umeme, behewa la daraja la juu. Waandishi tulikuwa wanne. Mhariri wangu akanitupia hiyo kazi kwa maneno machache: wewe si mtu wa Moro, treni inapita kwenu, nenda. Kana kwamba nilikuwa naombewa lifti.

Mnaikumbuka treni yenyewe ilivyokuja. Jiwe la msingi liliwekwa Pugu Aprili 2017 na Rais Magufuli, tukasubiri, tukaambiwa tayari, tukasubiri tena, mpaka Juni 14, 2024 ndipo abiria wa kwanza wa kawaida wakakata tiketi Dar kwenda Morogoro. Elfu kumi na tatu. Mwezi uliofuata ikafika Dodoma, na Agosti 1 Rais Samia akaizindua rasmi. Mwishoni mwa mwaka huohuo zikaanza zile zenye pua ndefu zilizotengenezwa Korea Kusini, ambazo Wabongo, hatujambo kwa majina, tukazibatiza Mchongoko. Mimi nimeshapanda daraja la kawaida mara nyingi na nakiri hadharani kwamba naipenda. Mwanafunzi wa SUA yuko pembeni na laptopu yake, mama ana mtoto mgongoni, mzee anashangaa mbona haitikisiki. Kule nipo nyumbani.

Daraja la juu ni habari nyingine.

Kwanza kiti. Kiti kipana kiasi kwamba sikujua mikono niiweke wapi. Pili ukimya. Kwenye daraja la kawaida watu wanaongea, wanapigiana simu kwa sauti ya kuita ng'ombe. Huku watu wanaongea kwa sauti ya hospitali, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, na kicheko kinatoka kidogokidogo kama mchuzi wa mgawo. Tatu, na hili ndilo lililonimaliza, kila kitu unaletewa. Unaletewa maji kabla hujasikia kiu. Unaletewa kitambaa cha moto cha kufutia mikono. Mimi nilikwishajifuta kwa leso yangu, sasa nikajifuta tena, kwa heshima. Jirani yangu alikipokea bila hata kumtazama aliyempa, akajifuta, akakirudisha hewani, na kweli mkono ukatokea kukipokea. Nikasema moyoni, huyu mtu hajawahi kurudisha kitu hewani kikaanguka.

Kuna makala moja ambayo sisi tuliosomea hii kazi tuliisoma chuoni, wengine kwa kulazimishwa. Mwaka 1995 jarida la Harper's la Marekani lilimpeleka mwandishi David Foster Wallace akakae wiki nzima kwenye meli ya starehe iitwayo Zenith, kwenye visiwa vya Karibi, halafu aandike. Makala ikatoka Januari 1996. Nilipoisoma nikiwa mwaka wa pili nilimwona mzungu huyu anadeka. Umelipiwa meli ya kifahari, unakula bure, unasafishiwa chumba kila ukitoka nje, halafu unalalamika? Kilichokuwa kinamkera, kama ninavyokumbuka, ni kwamba chumba chake kilisafishwa bila yeye kumwona anayesafisha, mpaka akaanza kuvizia. Nikacheka sana. Siku hiyo ndani ya Mchongoko, nikiwa na kitambaa cha pili mkononi, nilimkumbuka yule bwana nikamwelewa nusu. Nusu tu, maana yeye alikuwa anatafuta mtu wa kumtumikia amwone uso. Mimi wa kwangu nilikuwa namfahamu mpaka jina la shule aliyosoma. Subirini, nakuja huko.

Tulipotoka Dar, tukiwa bado kwenye lile daraja refu juu ya jiji, mazungumzo yakaanza. Dada mmoja wa makamo, mtu mzuri tu, sina neno naye, alikuwa anasimulia likizo yake: wametoka na mume wake kuzunguka bahari ya Mediterania kwa meli ya starehe. Kuna bwawa la kuogelea juu, kuna ukumbi wa sinema, mnalala Italia mnaamka Ugiriki. Akanigeukia kwa ukarimu kabisa: "Wewe umeshawahi, mdogo wangu?"

Nikasema nimepanda MV Victoria, Mwanza kwenda Bukoba, baada ya kukarabatiwa mwaka 2020. Daraja la tatu. Kurudi tulikuwa mimi na ndizi, nyingine zikawa mto wa kulalia.

Kimya. Halafu wakacheka, nami nikacheka, lakini niliona wamedhani nimetunga kwa ajili ya kuchangamsha genge. Sikutunga. Na ile safari, wajameni, ilikuwa tamu.

"Na kwenu ni wapi?" akauliza kaka mmoja mwenye saa kubwa.

"Moro."

"Moro sehemu gani?"

"Kingolwira."

"Aaa! Kule jela!"

"Hukohuko. Nimekulia ndani ya eneo la magereza."

Hapo tena wakacheka, na mmoja akauliza nilifungwa kwa kosa gani. Utani wa kawaida. Nimeusikia tangu sekondari, nina majibu yake kama kumi hivi mfukoni. Lakini kuna namna watu wanacheka na wewe, na namna wanacheka halafu wanarudi kwenye mazungumzo yao na kiti chako kinabaki kama hakina mtu. Walirudi kwenye mazungumzo yao. Nikatoa daftari nikajifanya naandika. Hiyo ndiyo faida pekee ya kazi hii kwenye hadhara za wakubwa: ukikosa wa kuongea naye unatoa daftari, na wote wanadhani una shughuli.

Ukweli ni kwamba mwandishi kwenye safari kama hizi ni kiumbe cha ajabu. Si mgeni, maana hajaalikwa kwa sababu yake mwenyewe. Si mfanyakazi wa pale, maana analishwa na wageni. Yule kijana wa mawasiliano wa kampuni alikuwa anatuhesabu kila baada ya muda kama mzigo: "Press wangu wanne wapo?" Tupo, bosi. Asubuhi alitupa ratiba, na kwenye ratiba palikuwa na saa ya sisi "kufurahia safari". Nimeitunza ile karatasi.

Basi bwana, tumepita Pugu, Soga, Ruvu. Wahudumu wakaanza kupitisha chakula. Binti mmoja, sketi imenyooka, skafu shingoni, nywele zimebanwa hata unywele mmoja haujatoroka, akafika kwangu na tabasamu la kazi. "Madam, utapendelea kuku au samaki?" Kiswahili safi, sauti ya redio.

Nikamwangalia. Akaniangalia. Tabasamu la kazi likadondoka, likaja jingine, lile la zamani lenye pengo dogo la mbele. Akainama kama anayerekebisha meza yangu, akanong'ona: "Shikamoo dada."

Marahaba mdogo wangu! Nilisema kwa sauti ya kota, si ya hospitali, mpaka yule mwenye saa akageuka.

Ni mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama yake na mama yangu walikuwa wanauza pamoja. Mimi nilikuwa darasa la saba yeye akiwa la kwanza, nimemvusha barabara asubuhi nyingi tu nikiwa nimemshika mkono ambao daima ulikuwa na sukari. Sasa amesimama mbele yangu, analazimika kuniita Madam, nami nalazimika kuchagua kuku au samaki. Nawaambieni, katika maisha yangu sijawahi kuona swali gumu kama lile. Kwetu mtoto wa kike hawezi kukuhudumia ukakaa tu kama sanamu, unaamka, unapokea sinia, unamwambia kaa nawe ule. Mwili wangu ulianza kunyanyuka kabisa. Akanikazia macho. Macho yalisema: dada, kaa chini, nipo kazini.

Nikakaa. Nikasema kuku.

"Mnafahamiana?" akauliza yule dada wa Mediterania.

"Ni mdogo wangu," nikasema.

"Oh, so sweet," akasema, na kweli alifurahi. Kisha akaomba aongezewe barafu.

Kuanzia hapo safari ikabadilika. Nikawa nasikia kila kitu kwa masikio mawili, yangu na ya yule binti. Walipoanza kuongelea wizi wa nyaya za reli (mnajua kesi zipo kweli, watu wamekamatwa na kufikishwa mahakamani) mmoja akasema tatizo ni hawa watu wa huko porini, hawajui maendeleo, wangewekewa tu ukuta. Binti alikuwa anamimina chai. Porini tulikuwa tunakaribia Ngerengere. Porini ni kwao na kwetu. Chai haikumwagika hata tone, na mimi nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba shaba haiuzwi porini, inauzwa mjini kwa mtu mwenye mzani na lori, na huyo huwa hakai Kingolwira. Mwenye saa akasema "fair point". Mada ikahamia kwenye bei za viwanja.

Kulikuwa na mgeni mmoja, mzee wa Afrika Kusini, alikuwa kimya muda wote. Hapo ndipo akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu kama Mazimbu ni mbali na kwetu. Nikamwambia ni upande wa pili wa mji. Akasema ana ndugu aliyesoma pale. Wadogo wangu mnaosoma SUA mkakaa Kampasi ya Solomon Mahlangu bila kujua Mahlangu ni nani: hapo palikuwa shamba la mkonge lililoachwa, serikali yetu ikawapa ANC mwaka 1977, wakajenga shule ya wakimbizi wao, wakaiita kwa jina la kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Waliikabidhi kwetu mwaka 1992 walipoanza kurudi makwao. Yule mzee alitaka kujua mvua zinanyesha miezi gani, na kama ni kweli mlima unaonekana kila dirisha. Katika watu wote mle ndani, aliyeniuliza kuhusu kwetu kwa kutaka kujua ni mtu aliyetoka Johannesburg.

Sasa niwaeleze kuhusu mama, maana bila mama hamtaelewa kwa nini kile kiti kilikuwa kinanichoma.

Reli ya zamani, ile ya Mjerumani, ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905 na ikafika Morogoro 1907. Tangu enzi za Mwingereza ikawa na madaraja yake: la kwanza la Wazungu, la pili Wahindi, la tatu babu zetu. Hakukuwa na haja ya kuandika ukutani, nauli na desturi vilitosha. Uhuru ulipokuja rangi zikaondoka, madaraja yakabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa darasa la kwanza na la pili, mama na wenzake walikuwa wanakwenda stesheni ya zamani ya Morogoro mjini kuuza machungwa na ndizi kwa abiria wa treni ya bara. Treni ilifika usiku au alfajiri, kutegemea imechelewa kiasi gani. Wanawake wanakaa chini na karai zao, wamejifunika khanga, wanasikiliza. Ikipiga honi, mbio.

Mama alikuwa anajua abiria kwa mikono. Anasema daraja la tatu mikono mitano inatoka dirisha moja, inagombana, inapunguziwa bei, lakini inanunua karai zima. La pili linanunua kwa heshima. La kwanza dirisha linashushwa nusu, mkono mmoja unatoka na noti kubwa, hauulizi bei, na mara nyingi chenji haipatikani treni inaondoka. Sasa hapo ni bahati yako au ni dhambi yako, mama hajawahi kutuambia alikuwa anafanyaje. Ada yangu ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa wakati huo, lakini sare, daftari na viatu vilitoka kwenye yale madirisha. Kwa hiyo mimi daraja la kwanza nililijua miaka mingi kabla ya kulipanda, nililijua kutoka chini, kama kioo kilichoshushwa nusu.

Na Mchongoko, kama mnavyojua, madirisha hayafunguki kabisa.

Tulipoacha Ngerengere binti alipita kukusanya vyombo. Kwangu akachelewa kidogo. "Dada," akanong'ona, "kwetu huko." Milima ilikuwa imetokea kushoto, mchana ule haikuwa na wingu hata kidogo, bluu iliyokoza. Treni kama hii ikiwa kwenye mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa inameza karibu kilomita tatu kila dakika. Hata ilipokuwa imeanza kupunguza, kwetu kulipita kwa muda wa kumeza mate: mashamba, miembe, bati za nyumba kwa mbali, uzio wa reli, mtoto na baiskeli. Nilimwonyesha kwa kidole, yeye akaonyesha kwa kidevu maana mikono ilikuwa na sinia. Tulikuwa watu wawili tu behewa zima tunaotazama upande ule. Wengine walikuwa wanatafuta chaja.

Nikamwuliza huwa anajisikiaje kupita kila siku bila kushuka. Akasema mwanzoni alikuwa analia chooni. Siku hizi anapunga mkono, ingawa anajua kwamba nje hawamwoni. Kisha akasema amemwezekea mama yake nyumba. Akaenda zake na sinia.

Mkutano wa Dodoma nimeuandika gazetini, hauna ladha, msijisumbue kuutafuta. Kesho yake jioni wenzangu walirudi moja kwa moja Dar. Mimi nikamwambia yule kijana wa mawasiliano press wake watakuwa watatu, nikashuka Morogoro, nikachukua bodaboda kutoka Kihonda mpaka nyumbani. Elfu kadhaa na vumbi la bure. Nilipomkuta mama alikuwa kwenye genge lake kando ya barabara, anapanga machungwa mafungu mafungu kwa mwanga wa taa ya sola.

Nikamsimulia yote. Kiti, kitambaa cha moto, kuku. Kwenye kitambaa alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akawa anauliza mambo yake.

"Kwa hiyo dirisha halifunguki."

"Halifunguki mama."

"Hata nusu?"

"Hata nusu. Lina hewa ya ubaridi."

Akatafakari. "Watu wa Ngerengere sasa wanauzia wapi?"

Nikasema inasimama kidogo tu, na huwezi kusogea na karai. Akaguna, akageuza chungwa moja lililokuwa na doa akaliweka chini ya mengine, halafu akaliona si vizuri akalitoa akanipa nimenye.

"Na mtoto wa jirani? Mama yake kaniambia yuko humohumo kwenye treni za wakubwa. Ulimwona?"

"Nilimwona. Ndiye aliyenihudumia."

Mama akaacha kupanga. "Akakuamkia?"

"Aliniamkia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Kwa kunong'ona, lakini aliniamkia."

"Haya," akasema, akavuta fungu lingine. "Kesho asubuhi, kabla hujaondoka, upite kwa mama yake umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Na umpelekee haya manne."